Kwa nini mlo wa "kila mtu aje na sufuria lake" unakufa hela ikiingia?

#1 Mwanasufuria

Habari za muda huu wakuu. Kuna jambo linaniuma kwa muda mrefu, leo nalileta hapa tulichambue.

Sisi ni kundi la watu tuliosoma pamoja. Kwa miaka mingi tulikuwa tunakutana kila mwisho wa mwezi nyumbani kwa mmoja wetu, kila familia inakuja na chakula kimoja. Hakuna orodha, hakuna aliyepangiwa. Kuna siku meza ilijaa wali mtupu na mboga moja. Tukala hivyohivyo, maongezi yakaenda hadi usiku.

Kisha mwenzetu mmoja, kwa nia njema kabisa, akasema tunajichosha. Tuchange hela, tukodi mpishi, kila mtu aje mikono mitupu. Tukakubali wote. Chakula cha mpishi kilikuwa kitamu kuliko chetu, kilifika kwa wakati na hakuna aliyekesha jikoni. Lakini watu wakaanza kupungua. Wanatuma mchango na kuomba udhuru. Baadaye hata udhuru ukakoma. Siku hizi limebaki grupu la WhatsApp la kutakiana heri za sikukuu.

Hoja yangu: hela ndiyo iliyoua. Aliyepika lazima aje, maana sufuria lake linangojwa. Aliyelipa ameshamaliza wajibu wake kabla hajavaa viatu. Mnaonaje?

#2 KijikoKirefu

Naweka kambi hapa. Kazini kwetu imetokea vivyo hivyo, na hadi leo hatujui nini kilitokea.

#3 MamaVyombo

Kaka Mwanasufuria, nakuheshimu, ila kuna mahali umepapita haraka. Umesema kila familia ilikuja na chakula. Ndani ya hiyo familia, nani alikuwa anaamka alfajiri siku ya mapumziko, anakata vitunguu, anapika, anawaogesha watoto, anapakata sufuria garini lisimwagike, halafu akifika anaulizwa mbona umechelewa? Na hayo maongezi ya hadi usiku, nani alikuwa jikoni anaosha vyombo yakiendelea?

Mimi sioni kama hela iliua kitu. Watu walikuwa wamechoka, hela ikawapa njia ya kutoka bila ugomvi. Waulizeni wake zenu, tena waulizeni faragha.

#4 Mwanasufuria

@MamaVyombo mimi napika mwenyewe, jina nimelibeba kwa haki. Lakini ni kweli wanaume wapishi tulikuwa wachache mno. Hoja yako ibaki mezani.

#5 MdadisiWaMezani

Mleta mada ana ushahidi wa kumtetea, ingawa hautokani na chakula. Mwaka 2000 wanauchumi Uri Gneezy na Aldo Rustichini walichapisha utafiti wao kwenye vituo vya kulelea watoto mjini Haifa, Israeli. Wazazi walikuwa wanachelewa kuwachukua watoto, basi baadhi ya vituo vikaweka faini. Wachelewaji wakaongezeka badala ya kupungua. Mwanzoni mzazi alimwonea haya mwalimu anayebaki kumsubiri. Ilipokuja faini, kuchelewa kukawa huduma ya kununua.

Sehemu iliyonikaa kichwani ni ya mwisho: faini ilipoondolewa, watu hawakurudia tabia yao ya zamani. Kwa hiyo hata kundi lenu likitangaza leo kwamba masufuria yamerudi, sina hakika watu watarudi nayo.

#6 NgaziNdefu

Hela peke yake haitoshi kueleza. Kuna utafiti wa 2015 wa Kevin Kniffin wa Chuo Kikuu cha Cornell na wenzake, walioufanya kwenye vituo vya zimamoto vya jiji moja kubwa Marekani. Wale askari wanachanga hela zao wenyewe, wananunua chakula, wanapika na kula pamoja palepale kituoni. Vikosi vinavyokula pamoja ndivyo ambavyo wakubwa wao walivipa alama za juu zaidi za utendaji.

Mchango wa hela upo hapo, tena kila zamu, na umoja haukufa. Ila mikono ni yao wenyewe. Mmoja anamenya, mwingine anakoroga, wa tatu anabishana kuhusu chumvi. Kilichowaua nyie ni kumtoa kila mtu jikoni.

#7 KijikoKirefu

Yaani lawama zote zimeishia kwa mpishi wa kukodi, mtu aliyefanya kazi yake vizuri. Mwacheni mwenzenu ale jasho lake.

#8 MzeeWaHesabu

Vijana, mnabishana bila kuuliza swali la kwanza. Mwanzoni mlikuwa watu wangapi, na mlikuwa wangapi siku mlipokubaliana kuchanga hela?

Mwaka 1913 mhandisi wa kilimo wa Ufaransa, Maximilien Ringelmann, alichapisha vipimo vya watu wanaovuta kamba. Kadiri wavutaji walivyoongezeka ndivyo kila mmoja alivyovuta kidogo kuliko alivyovuta akiwa peke yake. Sehemu ya sababu ni kwamba watu wengi hawavuti kwa mdundo mmoja. Sehemu nyingine ni kwamba ndani ya umati hakuna anayeona nani analegeza.

Meza nayo iko hivyo. Mkiwa familia nne, asiyeleta chakula anaonekana kabla hajakaa. Mkiwa ishirini, mtu anapita na chupa ya soda, anaiweka kimya kimya na kujipakulia sahani ya kilima. Hao ndio wadoezi, na kila kundi linao. Wapishi wakiwaona mara mbili tatu, nao wanapunguza. Leo sufuria kubwa, mwezi ujao dogo, mwezi unaofuata mkate wa kununua. Kwa hiyo mlipofikia kukodi mpishi, ugonjwa ulikuwa umeshaingia. Hela ilikuja kama dawa, ikakuta mgonjwa hoi.

#9 Mwanasufuria

Mzee, hapo umenigusa. Tulikuwa wachache, kisha marafiki wakaleta marafiki zao. Mwaka ule wa mwisho kulikuwa na watu kwenye sebule yangu ambao sikuwajua majina.

#10 KikombeChaTatu

Mnajadili kana kwamba jambo hili lilizaliwa mjini juzi. Asili yake ni wenyeji wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Amerika na sherehe yao ya potlatch. Walowezi wakaiga, ikafika maofisini na makanisani. Kwao ilihusu sifa tangu mwanzo, na sifa ndizo zinazoua hadi leo.

#11 MdadisiWaMezani

@KikombeChaTatu hapo nakusahihisha. Kwenye potlatch anayetoa ni mwenyeji. Anawaita watu, anawalisha, anawagawia mali, na heshima yake inapimwa kwa wingi wa alichotoa. Wageni wanakuja kushuhudia na kupokea, hawaji na masufuria. Ni kinyume kabisa cha tunachokijadili. Serikali ya Kanada iliipiga marufuku kuanzia 1885 hadi 1951, na kuna watu walifungwa kwa kuifanya. Ni habari nzito inayostahili uzi wake.

#12 KikombeChaTatu

Sawa, asili nimekuachia. Suala la sifa siliachii. Ofisini kwetu mlo wa pamoja ulikuwa mzuri mpaka dada mmoja alipoleta keki ya ghorofa yenye maua ya sukari. Mwezi uliofuata mwingine akaja na kuku wazima waliopambwa kama wa harusi. Aliyekuwa analeta ndizi mbivu akaacha kuleta, kisha akaacha kuja. Hakuna aliyemkatalia ndizi zake. Alizipima mwenyewe kwa macho, akaziona ndogo.

#13 MsomajiWaUsiku

Mnaotafuta mizizi, nendeni Ugiriki ya kale. Walikuwa na mlo wa namna hii, kila mtu na sehemu yake, wakiuita eranos. Unatajwa hata kwenye Odyssey, utenzi wa Homer. Mungu wa kike Athena amejigeuza mgeni, anaingia kwa Telemachus, ambaye baba yake Odysseus hayupo, anakuta watu wanakula na kunywa kwa fujo. Anauliza: hii ni karamu au harusi? Maana eranos si hii. Ninavyomwelewa, watu waliobeba chao kutoka nyumbani hawali kwa ufedhuli ule. Wale walikuwa wanatafuna mali ya mtu asiyekuwepo.

Baadaye Waathene wakatumia mtindo huohuo kwenye hela. Marafiki wanachangiana kumkopesha mwenzao aliyekwama, bila riba. Kwa hiyo safari ya kutoka sufuria hadi mchango si ngeni, na huko haikuua urafiki.

Cha moto zaidi kipo kwa Xenophon, mwandishi wa Kigiriki aliyekuwa mfuasi wa mwanafalsafa Socrates. Anasimulia kwamba watu walipokuja kula na Socrates, wengine walileta kitoweo kidogo, wengine kingi. Socrates akamwagiza mtumishi: kile kidogo ama kiweke katikati kwa wote, ama mgawie kila mtu sehemu yake. Walioleta kingi wakaona haya kula chao peke yao, wakakitoa nacho. Na kwa kuwa mwisho wa yote hawakupata zaidi ya walioleta kidogo, wakaacha kutumia hela nyingi kwenye kitoweo.

#14 MzeeWaHesabu

@MsomajiWaUsiku asante kwa huyo Xenophon! Soma tena sentensi yako ya mwisho. Mkigawana sawasawa, mletaji mkubwa anapunguza. Ndicho nilichosema #8.

#15 KikombeChaTatu

Mzee, mimi naisoma kinyume chako. Walichopunguza ni makuu, na chakula kiliendelea kuwepo. Socrates alimponya mtu wa keki ya ghorofa. Laiti angepita ofisini kwetu.

#16 MamaVyombo

Na mimi naona aliyeagizwa kugawa ni mtumishi. Hata mezani kwa wanafalsafa kuna mtu aliyesimama wakati wengine wamekaa.

#17 MkateMkavu

Nimekuwa msomaji tu, leo naandika kwa sababu ya #12.

Kuna kipindi nilipoteza kazi. Kundi letu la wazazi wa darasa moja lilikuwa na mlo kila mwisho wa muhula. Nilifikiria kutokwenda. Mwanangu akalia, tukaenda na mkate. Nilipofika, mama mmoja alinipokea mlangoni, akautazama na kusema kwa sauti ya kawaida: "Afadhali, mchuzi wangu haukuwa na cha kuchovyea." Akaukata, akaupanga pembeni ya bakuli lake. Watu wote waliochukua mchuzi walichukua na mkate.

Ingekuwa kuchanga hela, mtu wa hali yangu angefanya nini? Jina lako kwenye grupu, mbele yake hakuna alama ya kulipa, na admini anakumbusha kila asubuhi. Mkate una mahali pa kukaa mezani. Hela pungufu inabaki kuwa pungufu. Ndiyo maana niko upande wa Mwanasufuria, hata kama hesabu za Mzee ni sahihi.

#18 Mwanasufuria

Ndugu MkateMkavu, asante kwa kuandika.

#19 MtuWaIbada

Nitaongezea la #17. Aibu hii ni ya zamani sana. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho katikati ya karne ya kwanza akiwakemea kwa jambo hilihili: wakikusanyika, kila mmoja anatangulia kula chakula chake, mmoja anabaki na njaa na mwingine amelewa. Anawauliza kama hawana nyumba za kulia, au wanataka kuwatahayarisha wasio na kitu. Yaani kila mtu alikuja na chake na bado mlo ukawagawa, kwa sababu kila mtu alikula chake.

#20 UstadhiMpole

@MtuWaIbada na sisi tunayo ya kuongeza. Katika hadithi ya sahaba Abu Musa iliyomo kwenye vitabu vya hadithi vya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwasifu watu wa kabila la Ash'ari. Walipoishiwa chakula vitani, au chakula cha familia zao kilipopungua Madina, walikusanya chote walichonacho katika nguo moja, kisha wakagawana kwa chombo kimoja, sawa kwa sawa. Akasema hao ni wangu, nami ni wao.

Angalieni ni wakati gani walifanya hivyo. Ni wakati wa uhaba. Nadhani milo yetu inakufa kwa sababu tumeshiba. Mtu mwenye jokofu lililojaa anakuja kula kwa starehe tu, na starehe ina washindani wengi.

#21 NgaziNdefu

@UstadhiMpole askari wa zimamoto hawana uhaba. Wana mishahara.

#22 UstadhiMpole

Wana hatari, ndugu yangu. Wanahitajiana hata wakiwa wameshiba.

#23 NesiWaZamu

Samahani nageuza mada kidogo, lakini hakuna aliyetaja kwamba watu wengine wameacha kwa kuogopa tumbo. Na wana haki.

Miongozo ya Shirika la Afya Duniani iko wazi: chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida la chumba, cha moto kibaki juu ya nyuzi 60, cha baridi chini ya nyuzi 5. Mlo wa kuchangia unavunja haya yote kwa pamoja. Chakula kinapikwa asubuhi, kinasafiri, kinangoja wageni, kinangoja hotuba.

Wali ndio unaosahaulika zaidi. Una kijidudu kiitwacho Bacillus cereus ambacho mbegu zake zinastahimili kupikwa. Wali ukikaa vuguvugu, zinaamka na kutoa sumu. Sufuria kubwa la nyama au maharage nalo linapoa polepole katikati, na bakteria aitwaye Clostridium perfringens anapenda hapohapo. Gaweni kwenye vyombo vya kina kifupi vipoe haraka, au kiwekeni kwenye hotpoti kikiwa cha moto kwelikweli.

#24 KijikoKirefu

Nesi, si unapasha moto tu ukifika? Moto unaua kila kitu.

#25 NesiWaZamu

Hapana. Moto mkali unaua bakteria walio hai, lakini sumu ya kutapisha ya Bacillus cereus inabaki hata ukichemsha. Ya bakteria Staphylococcus, anayetoka mikononi na puani mwa mpishi, nayo ni hivyohivyo. Kupasha kunasaidia pale tu chakula kilipotunzwa vizuri tangu mwanzo.

Na msione natishia. Aprili 2015, jimbo la Ohio huko Marekani, watu 29 waliugua botulizimu, yaani sumu ya bakteria inayopoozesha mwili, baada ya mlo wa kuchangia kanisani, na mmoja akafariki. Chanzo kilikuwa saladi ya viazi vilivyohifadhiwa nyumbani kwenye mitungi kwa njia isiyo salama. Aliyevileta alikuja na upendo kama wengine wote.

#26 MzeeWaHesabu

Bibi yangu alilaza chakula usiku kucha tukala asubuhi, na wote tupo.

#27 NesiWaZamu

Mzee, shikamoo. Waliougua hawakuandikwa popote, waliitwa wenye matumbo mepesi.

#28 MamaPacha

Nesi asante sana. Mimi binti yangu ana mzio wa karanga. Kwenye meza ya kuchangia siwezi kumwachia achukue kitu, maana anayejua kilichomo ni aliyepika, na aliyepika simjui. Tuliacha kwenda kwa sababu hiyo tu, wala si hela.

Kilichoturudisha ni karatasi. Kwenye kundi letu jipya kila chombo kinawekewa kikaratasi: jina la chakula, vilivyomo, na jina la aliyepika. Kijiko cha chombo kimoja hakiingii kwenye kingine. Basi. Sasa binti yangu anasoma mwenyewe na kuchagua.

#29 MamaVyombo

Jina la aliyepika! Hilo nalichukua leo. Waone maandishi ya nani yamejaa meza nzima.

#30 BintiWaKona

Naomba niseme langu, ni dogo.

Mimi niliacha siku sufuria langu liliporudi limejaa. Nilipika dengu, nilizipika kwa moyo, niliulizia kwa mama yangu jinsi ya kukaanga viungo. Zilikaa mwisho wa meza. Watu walipita, wakafunua, wakafunika. Hakuna aliyenifanyia ubaya, hakuna hata aliyejua ni zangu. Nikabeba, nikarudi nazo kwenye daladala, limefungwa kitenge vilevile nilivyolifunga asubuhi.

Walipoanza kuchanga hela mimi nilifurahi kuliko wote. Kaka Mwanasufuria anasema sufuria linangojwa. La kwake lilingojwa. Mimi nililipa ili nisipimwe tena.

#31 Mwanasufuria

@BintiWaKona hili sikuwahi kuliwaza, na mimi ndiye niliyekuwa nasimama kwenye meza ile kila mwezi. Huenda kuna mtu kwenye kundi letu aliyekubali mpishi kwa sababu kama yako.

#32 KikombeChaTatu

Inauma. Kwa marafiki zangu wengine kuna sharti: kila mtu aonje kila chombo, hata kijiko kimoja, kabla ya kurudia anachokipenda. Hakuna sufuria linalorudi zima.

#33 MamaPacha

Sharti hilo kwetu haliwezekani. Binti yangu akionja kila chombo nitaishia hospitali.

#34 NesiWaZamu

Nami siungi mkono kumlazimisha mtu kuonja. Ila weka vyombo visivyojulikana mwanzo wa meza, watu wakiwa na njaa na sahani bado tupu. Mpangilio una nguvu kuliko sharti. Dengu zikikaa mbele zinaisha.

#35 MsomajiWaUsiku

Tusisahau milo iliyoshamiri. Mwaka 1999, mtaa wa 17 wa jiji la Paris, Atanase Périfan alianzisha siku ya majirani. Watu wanashuka uani au barabarani, kila mmoja na chakula au kinywaji chake, wanakula na watu waliopishana nao kwenye ngazi miaka mingi bila kusalimiana. Imeenea nchi nyingi. Uingereza nako tangu 2009 kuna The Big Lunch iliyoanzishwa na Eden Project, kwa wazo linalofanana. Mbona hizo hazikufa?

#36 MzeeWaHesabu

Kwa sababu ni mara moja kwa mwaka. Mchovu wa MamaVyombo anaweza kupika mara moja kwa mwaka. Kila mwezi ni ajira.

#37 NgaziNdefu

Mzee, zimamoto wanakula kila zamu. Tunarudi palepale.

#38 MzeeWaHesabu

Zimamoto hawatoki nyumbani kwenda kula. Wapo tayari kazini. Ukishamaliza tatizo la kumtoa mtu nyumbani kwake, umemaliza nusu ya mambo.

#39 MdadisiWaMezani

Naongeza moja kwenye upande wa hela. Gneezy huyohuyo, na wenzake wawili, mwaka 2004 walichapisha jaribio la mgahawani. Watu walioambiwa bili itagawanywa sawasawa waliagiza zaidi ya wale ambao kila mtu alijilipia. Mchango sawa unamfanya mtu aone akila kidogo anapunjwa. Kwenye sufuria sijawahi kuona mtu analalamika kwamba amepika kingi kuliko alichokula. Kwenye michango nimesikia hadi watu wanahesabiana vipande vya kuku.

#40 MkateMkavu

Ni kweli hiyo. Kwetu mtu alidai apunguziwe kwa sababu watoto wake hawali nyama.

#41 KijanaWaGeto

Habarini wakubwa. Nimealikwa mlo wa aina hii wiki ijayo, kundi la watu ninaowaheshimu sana. Sijui kupika kabisa, nakaa chumba kimoja na jiko la plati moja. Nilete nini bila kuitwa mdoezi?

#42 KijikoKirefu

Leta barafu na vikombe. Kila mtu anavisahau, na ukifika navyo unapokelewa mlangoni.

#43 NesiWaZamu

Matunda yasiyomenywa, mdogo wangu. Salama, hayahitaji moto, na mwenye mzio anayaona jinsi yalivyo.

#44 MamaVyombo

Fika mapema upange viti, na wakimaliza kula simama uoshe vyombo mpaka la mwisho. Usiulize kama unaweza kusaidia, ingia jikoni. Mimi mtu wa hivyo sitamuuliza maisha yake yote kama alileta sufuria.

#45 KijanaWaGeto

Asanteni. Nitaleta matunda na nitaosha.

#46 Mwanasufuria

Kijana usiogope, nenda. Wakuu, tukiwa hapohapo kwenye vyombo: chakula kikibaki ni cha nani? Kwetu kilizua kununiana kulikotangulia hata suala la hela. Wengine walijifungashia vya wenzao kabla watu hawajamaliza kula.

#47 KikombeChaTatu

Cha mwenyeji. Ametoa nyumba, maji na gesi, na kesho yake anapiga deki sakafu nzima.

#48 MamaVyombo

Cha aliyepika. Kama hakitaki, agawe yeye kwa mkono wake, asigawiwe na mwingine.

#49 BintiWaKona

Mimi ningefurahi kuombwa. Mtu akija kuniambia "naomba nibebe hizi dengu za kesho", ningempa na sufuria lake.

#50 NesiWaZamu

Kabla hamjagawana, angalieni saa. Kilichokaa mezani zaidi ya saa mbili kisiende na mtu yeyote, awe mwenyeji au mpishi.

#51 UstadhiMpole

Nesi, hizo saa mbili zinahesabiwa tangu kishuke jikoni au tangu kifunuliwe mezani? Kwetu dua na nasaha peke yake zinakula saa nzima.

#52 NesiWaZamu

Tangu kishuke chini ya nyuzi 60, Ustadhi. Kama kilikuwa kwenye hotpoti nzuri na kilipofunuliwa bado kilitoa mvuke mwingi, anza kuhesabu hapo. Kama kilisafiri kwenye sufuria la kawaida, anza tangu kilipotoka nyumbani, na nasaha ziwe baada ya kula.